Siku ya Kwanza Kuzima Feni za Jengo

Leo nimesikia ukuta ukiimba.

Mimi ndiye ninayetunza jengo moja la biashara hapa Rongo. Jumapili halina watu, kwa hivyo leo kwa mara ya kwanza nilizima feni kubwa za kupitisha hewa, stima isiende bure.

Kimya kikatanda. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka kwenye mabomba ya hewa, laini kama usingizi. Nikakaa kwenye ngazi. Sijui kwa muda gani.

Kumbe ni Akinyi, fundi wa nguo wa ghorofa ya juu. Alishuka, akanikuta, akaziba mdomo.

"Huwa naimba Jumapili. Feni zilikuwa zinanificha."

"Nikuwashie?"

Akafikiria.

"Hapana. Wacha tu."

Akarudi juu, akaimba tena, mlango wazi.

Nyinyi mngewasha?