Bei ya Mashimba

Jirani yangu Mashimba amefanya biashara ya ng'ombe miaka thelathini, na hajawahi kukubali bei ya kwanza. Ndiyo maana nilicheka aliponionyesha karatasi ya makadirio ya bima ya maisha, akaniambia ameridhika nayo. Elfu arobaini na nane kwa mwezi, na siku akifa, mkewe Odeta apewe milioni ishirini.

"Ng'ombe wangu wana miguu," aliniambia. "Nikifa leo, wadogo zangu wa Bujora watawaswaga wote kabla hamjamaliza kula ubwabwa wa msiba. Hela hii inaandikwa jina la Odeta. Hakuna wa kuiswaga."

Nawajua hao wadogo zake, na kumwacha mjane mikononi mwao ningeogopa hata mimi.

Wakala wa bima, binti mchangamfu aitwaye Gladness, alimwambia limebaki jambo moja tu, kupima afya. Hapo ndipo akili ya mnadani ilipomponza. Kuna wauzaji wasiomwogopa Mungu, na Mashimba ni mmoja wao, ambao humlambisha ng'ombe chumvi ili anywe maji mpaka tumbo lining'inie, kisha ndiyo wampandishe kwenye mzani. Mashimba akaona kama ng'ombe mzito hupata bei nzuri, basi na mtu mzito ataipata. Siku mbili nzima alikula dagaa wa chumvi na nyama choma, akashushia maji kwa ndoo. Asubuhi ya vipimo alitembea kama mtu aliyeazima tumbo la mwenzake.

Nilimsindikiza. Daktari alimpima presha mkono wa kulia, akakunja uso, akampima na wa kushoto. Wiki iliyofuata Gladness alileta ada kamili ya bima, elfu sabini na tatu.

"Shikamoo, baba," alianza kwa unyonge.

"Shikamoo ya elfu sabini na tatu siitikii! Karatasi yako ilisema arobaini na nane."

"Yale yalikuwa makadirio tu, baba. Ni ya mtu wa miaka hamsini na sita kama wewe, asiye na ugonjwa wowote."

"Na huyo mtu anakaa wapi? Ilemela hii mimi simjui."

"Presha yako iko juu, baba. Na uzito pia."

Mashimba akaangua kicheko, akakiri habari ya chumvi bila aibu hata kidogo. Nadhani mafunzo ya Gladness hayakufika huko. Hata hivyo alimwombea ofisini kwao, wakakubali apimwe upya baada ya wiki tatu.

Wiki hizo tatu alikula mchicha, viazi vitamu na samaki wa kuchemsha bila chumvi, huku akinung'unika mtaa mzima ukimsikia. Kilo nne zikaondoka. Safari hii Odeta naye alikuja. Daktari akampima, akasubiri kidogo, akampima tena.

"Chumvi iliongeza tu, mzee," alisema. "Presha hii ni yako mwenyewe, na inaonekana unayo siku nyingi."

Niliona hofu usoni mwa Mashimba, na mimi nikaingiwa na hofu, maana tumelingana umri. Kwa ajili ya zile kilo, ada ilishuka mpaka elfu sitini na tisa. Akasaini siku ileile.

Jioni alimkabidhi Odeta bahasha ya bima mbele yangu. "Sasa hata nikifa kesho," alisema, "hakuna wa kukusumbua."

Odeta aliiweka bahasha mezani bila kuifungua, akamsogezea kidonge cha presha na glasi ya maji.

"Hizo milioni ishirini ni zangu wewe ukifa, si ndiyo, Baba Maige?"

"Ndiyo."

"Sizitaki. Meza."

Mashimba akameza. Odeta akamshika kidevu, akamwamuru apanue mdomo, akachungulia mpaka chini ya ulimi.