Mguu wa Cipriano

Bibi Ramoncita alikuwa amekunja uso tangu mgeni kutoka Santa Fe alipobisha hodi. Huyo bwana alikuwa akikusanya picha za kuchora za Wapueblo, Wahindi Wekundu wa huko, wakicheza ngoma zao za ibada, na bibi alikuwa na moja aliyoitunza ndani ya mfuko wa unga, mbali na moshi. Alipoitoa, rangi zilimeta kama zimepakwa jana.

"Nzuri, mama. Ila mchoraji kakosea. Wote wameinua mguu wa kulia, huyu peke yake kainua wa kushoto. Fundi wangu ataurekebisha," mgeni alisema.

"Kakosea nani? Huyo ni marehemu mume wangu, Cipriano! Kaka yangu alimchora vilevile alivyokuwa akituaibisha uwanjani."

"Lakini fundi wangu ni hodari..."

"Ajaribu basi! Mguu huo nimeufokea maisha yangu yote haukusikia. Leo utasikia brashi?"