Mvumo Ulio Kwenye Spika

Dada yangu ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa huu ilipita mikononi mwake ikilia, na hata leo mijitu yenye ndevu ikimwona inanyooka kama imekamatwa. Mioyo ya watoto tumboni aliisikiliza kwa kipembe cha mbao, upande mpana kwa mama, mwembamba sikioni. Kipembe chenyewe anacho bado, kabatini, pamoja na vikombe vya wageni.

Mumewe alikuwa mchoraji mabango mpaka macho yakamzimikia. Kikabaki kinanda chake cha santuri, amplifaya na spika mbili ndefu, vyote pamoja twaviita redio. Juzi nikamkuta amezima kila kitu.

"Shemeji, hii redio ichukue uende nayo."

"Nikaifanyie nini? Kwangu mashine ya kusaga inaimba kutwa."

"Kuna mvumo ndani ya muziki. Kila ninayemuuliza hausikii. Basi ni masikio yangu. Macho nayo yalianza hivihivi, kidogokidogo."

Nikawasha. Sikusikia kitu, lakini masikio yangu yalishasagwa pamoja na mahindi. Dada naye akatega, wapi! Mzee akainamisha uso. Dada akaenda kabatini.

Alipiga magoti, akabandika kipembe kwenye spika.

"Ina miezi mingapi?" nikamuuliza.

"Funga domo, mdogo wangu, hapa si kwenye foleni ya unga."

Akatulia kabisa. Kisha akasema, "Upo. Baba watoto, mvumo upo. Uko humu, hauko kichwani mwako."

Mzee akashika kiti kwa mikono miwili. "Unanipoza moyo tu."

"Niliwahi kusema mtoto yupo kumbe hayupo?"

Akapunguza sauti mpaka mwisho, mvumo palepale. Akaanza kuchomoa nyaya za nyuma, mmoja mmoja, kila mara anarudi spikani. Waya wa santuri: upo. Wa mashine ya kanda: upo. Wa televisheni, ule tuliounga ili mzee asikilize mpira kwa spika kubwa: kimya! Akaurudisha: upo. Televisheni ilikuwa imechomekwa ukuta wa kule, redio ukuta wa huku, umeme wa kuta mbili ukigombana ndani ya waya ule. Akazima vyote, akavichomeka kwenye ekstensheni moja, akaunga upya, akawasha, akainama tena na kipembe chake.

Kabla hajafungua kinywa, mzee akasema, "Umeondoka."

Alikuwa ameusikia ukiondoka, akiwa kitini.

Akapapasa santuri, akaiweka. Mwimbaji, mwanamke, akaanza. Mzee akainua kidole.

"Mmesikia? Amelamba midomo kwanza."

Tukatazamana na dada. Mzee akairudisha sindano, dada akabandika kipembe, akakunja uso, macho yakamtoka.

"Ni kweli," akanong'ona. "Amelamba."

Mwanamke ambaye hata hatujui kama yu hai alilamba midomo yake mbele ya kipaza sauti, mahali fulani, na kipofu wetu amemsikia.

"Shemeji," nikasema, "hebu irudishe sindano tena."