Mkono Unaotafuta Reki

Jua halijapanda juu ya mabomba ya moshi ya mgodi, na Chilekwa Kasuba tayari anatiririka jasho. Yumo ndani ya shimo la mchanga, katika uwanja mmoja wa gofu hapa Kitwe. Anapiga. Mchanga unaruka, mpira unavuka ukingo na kutua kwenye nyasi, hatua nne kutoka bendera.

"Mzuri huo, Mama Mwila," anasema kedi mwenzake, mbeba mifuko Kangwa, aliyeketi ukingoni, akimwita Chilekwa kwa jina la mwanawe. "Ila mkono wako naona bado unatafuta reki."

"Nyamaza wewe! Mkono wangu unakuhusu nini?"

Anacheka, lakini uso umemkauka. Jumamosi anarudia mtihani wa ualimu wa gofu, na klabu hairuhusu kujaribu mara ya tatu.

Kwa miaka kumi na tisa, mama huyu wa miaka arobaini na mbili amebeba mifuko ya fimbo za wengine. Mchezaji akishapiga mchangani, kedi hushika reki na kufukia nyayo. Mazoea yana tabu.

Katika mtihani wa mwaka jana, mpira wake uliingia mchangani. Mbele yake palikuwa na unyayo wa mtu. Kabla hajapiga, Chilekwa alichukua reki akausawazisha, vizuri kabisa, kama anavyowafanyia mabosi. Kanuni inakataza. Aliongezewa mikwaju miwili, akafeli kwa mmoja.

"Msimamizi akaniuliza, 'Mama, unafanya nini?' Nikamjibu, 'Nasafisha, bosi.' Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, kisha nikaenda kulia chooni."

Tangu hapo, kila asubuhi Kangwa huuvuruga mchanga kwa miguu, naye hupiga mipira hamsini katikati ya nyayo bila kuzigusa. Mwezi wa kwanza ilitoka tisa. Sasa hutoka arobaini na zaidi. Hofu ndiyo haijatoka.

"Nauota mchanga. Hata nshima, huu ugali wetu, naiacha sahanini."

Akifaulu, anataka kuwafundisha wasichana wa mtaani kwake, Chamboli. "Wasianze na mfuko mgongoni kama mimi. Waanze na fimbo mkononi."

Jumamosi Kangwa ndiye atakayekuwa kedi wake, na masharti ameshapewa.

"Reki utashika wewe. Ukiniona nanyoosha mkono kuiomba, usinipe. Hata nikikutukana, Kangwa, usinipe."