Kisoda, Mdomo wa Uwanjani

Siku alipokwenda kujaribiwa kwenye timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya kiwanda cha saruji, kocha alimtazama kuanzia viatuni hadi utosini, na safari hiyo ya macho haikuchukua muda.

"Binti, hapa tunatafuta warefu."

"Nimewaona, wamejaa tele. Mimi nimekuja kuwapelekea mpira."

Dakika kumi baadaye alikuwa amemnyang'anya nahodha mpira mara tatu. Kocha akameza maneno yake, akamsajili. Wenzake wakamwita Kisoda, kifuniko cha chupa: kitu kidogo, lakini ukikikanyaga pekupeku utaruka. Mama yake, fundi cherehani, alipewa kazi ya kuipunguza jezi. "Mwanangu," alilalamika, "nikikata zaidi, hii namba kumi itabaki moja."

Kwa miaka kumi na mbili kikapu ndicho kilichomlisha. Mbio alikuwa nazo, na mikono myepesi, lakini silaha yake hasa ilikuwa mdomo. Hakumtukana mtu. Aliuliza tu. Mpinzani akijiandaa kutupa mpira wa adhabu, ukumbi kimya, Kisoda alisogea na kunong'ona kwa huruma: "Dada, hivyo viatu vyote viwili ni vya kulia?" Mpira ukagonga chuma.

Kisha ikaja fainali dhidi ya timu ya posta. Saruji walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde nne, na Mnara wa posta, mchezaji mrefu kuliko wote kwenye ligi, amepewa mitupo miwili. Kisoda akamnong'oneza, "Shoga, pasi uliizima?"

Mnara akakosa wa kwanza. Wa pili haukufika hata kwenye ubao. Filimbi ya mwisho ilipolia hakulia wala hakumpa mtu mkono. Alitoka mbio na jezi yake, akapotelea barabarani.

Kesho yake mchana alitokea mazoezini kwao. Kisoda akajificha nyuma ya kocha, ambaye naye alikuwa anatafuta pa kujificha.

"Toka hapo," Mnara alisema. "Jana nilifika nyumbani nikakuta pasi imetoboa shuka, inaanza kuula ubao. Mume wangu kalala fofofo chumba cha pili. Wewe ni mchawi?"

"Hapana, dada. Ni mwongo tu."

Mnara akamtazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Msimu uliofuata alihamia timu ya saruji, wakawa kama ndugu. Ila sifa za ile pasi zilienea. Wapinzani wakawa hawaendi uwanjani bila kukagua majiko yao mara mbili, na refa mmoja alimwonya kabla ya mechi: "Leo sitaki kusikia habari za vyombo vya nyumbani."

Alipofikisha miaka thelathini na tatu, goti lilikataa. Daktari alimwambia achague kucheza au kutembea. Siku hiyo Kisoda alikaa chumba cha kubadilishia nguo bila neno hata moja, na Mnara, aliyekuwa anamfungua bendeji, alisema baadaye kwamba ukimya ule ulimtisha kuliko goti lenyewe.

Haukudumu. Redio ikamchukua atangaze mechi. Wiki ya tatu, saruji wakicheza na bandari, akagundua kwamba kocha wa timu ya bandari amechomeka kisikilizio sikioni, anamsikiliza yeye ili ajue saruji wanapanga nini.

"Wasikilizaji," Kisoda akatangaza kwa uhakika, "naona mpira huu unakwenda kushoto." Kocha akapiga kelele, wachezaji wake watano wakakimbilia kushoto kama kuku waliomwagiwa mtama. Mpira ukapita kulia, Mnara akaudumbukiza bila mtu wa kumzuia.

Meneja wa redio akamwita ofisini. "Umewadanganya wasikilizaji."

"Mmoja tu, bosi. Wengine nawaomba radhi."

Aliwaomba radhi kweli, hewani, kwa sauti ya unyenyekevu mkubwa. Kocha wa bandari alikuwa anasikiliza. Hakuamini hata neno moja.