Wiki Moja ya Idora na Njaa ya Mama Zelia

Hebu mwone Idora anavyoshuka botini pale gatini Hillsborough, hapa Carriacou, kisiwa chetu cha Karibi, Jumamosi ya Januari, jua limeshachemka. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mkono mmoja umeshika kofia pana isipeperuke, mwingine unaburuta sanduku. Dogo, nakwambia. Watu wetu wakirudi kutoka Uingereza hushusha masanduku manne, na mapipa yanafuata kwa meli. Yeye kaleta kasanduku kamoja, na juu ya nguo zote imekunjwa nguo ya kuogelea ya kijani, karatasi ya bei ya dukani ingali inaning'inia ubavuni. Huyu hakuja kutembelea ukoo. Huyu kaja kupumzika.

Nilimjua tangu tukiwa wasichana kijijini L'Esterre, kabla hajapelekwa Uingereza kwa shangazi yake wa Huddersfield akiwa na miaka kumi na minne. Huko anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anaosha miili ya wengine: huyu mgongo, yule miguu, kuanzia alfajiri. Mumewe Alston anaendesha basi. Miaka ishirini na sita ya ndoa hawajawahi kukaa wiki nzima wao wawili tu. Likizo hii ililiwa na mtoto, ile ikaliwa na zamu, nyingine ikaliwa na paa linalovuja. Safari hii Alston aliapa. Wakakodi chumba pwani ya L'Esterre, siku saba, baraza limeelekea maji. Idora alitaka kitu kimoja tu: kuingia katika bahari ile aliyoiacha, mumewe ubavuni, pasiwe na mtu wa kumwita.

Lakini hutui Carriacou ukaenda chumbani kwako moja kwa moja kama mgeni. Lazima uwapitie wakubwa. Mkubwa wa Alston ni Tanti Eulina wa Mount Pleasant, dada wa marehemu mama yake, Zelia. Walikwenda Jumapili baada ya misa, kusalimu tu. Nilikuwepo, maana ua wangu umepakana na wa Tanti.

Tanti akamshika Alston mashavu, akamtazama sana, kisha akasema usiku ule ameota. Zelia kaja, kakaa kwenye kiti kile pale kibarazani, anauliza: mwanangu katua, mbona sahani yangu tupu?

Kwetu ndoto ya namna hiyo si mazungumzo ya chai. Ni agizo. Marehemu akisema ana njaa, nyumba inapika: chakula kisicho na chumvi, meza yenye kitambaa cheupe chumbani, wenzetu waliokufa waanze kula, ndipo ngoma ipigwe uani na sisi tulio hai tukaribie. Idora ni mtoto wa kisiwa, hayo anayajua. Aliuliza tu, kwa adabu, kama kuku wawili wangetosha. Tanti akasema watatosha kabisa, na Jumatatu jioni tutakuwa tumemaliza.

Jumatatu asubuhi Zelia alikuwa amerudi. Kuku hataki. Anataka mbuzi.

Jumanne akarudi tena. Mbuzi ni sawa, ila awe mweusi, na shughuli iwe Ijumaa kwa sababu wapiga ngoma wana kazi hadi Alhamisi. Nilijiuliza marehemu amezijuaje zamu za wapiga ngoma, lakini nilifunga mdomo wangu.

Basi wiki ikaenda hivyo. Mbuzi wamejaa kisiwani kama mawe, ila ukimtaka mweusi, wote wana doa. Alston alizunguka na binamu zake kumtafuta, na kwa kuwa habari za mbuzi huulizwa kwenye maduka ya ramu, hakuna duka la ramu lililorukwa. Idora akabaki uani kwa Tanti anateka maji, anapepeta mchele, anasugua masufuria makubwa kama mitumbwi. Kila asubuhi alivaa ile nguo ya kijani chini ya gauni, akiniambia leo tutamaliza mapema, nitashuka pwani. Kila jioni aliivua kavu. Karatasi ya dukani ilikuwa inamkwaruza, anajikuna kutwa. Nikamwambia aikate. Akasema ataikata siku nguo itakapolowa.

Jumatano, Alston aliporudi na mbuzi mweusi kwenye kamba, ananukia ramu, mkewe alimngoja penye tangi la maji.

"Alston, uliniahidi nini?"

"Ijumaa ikipita, mpenzi wangu."

"Ijumaa ikipita ni Jumamosi. Jumamosi ni boti."

"Sasa nimwambie Tanti nini? Kwamba mama yangu alale na njaa?"

"Mama yako alikaa kwetu msimu mzima wa baridi, nikimpikia mimi. Alikula kama ndege. Hii njaa kaipatia wapi?"

Alston akamvuta mbuzi, akaenda kumfunga nyuma ya nyumba.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mimi na Idora tulikaa kibarazani tukimenya mbaazi, beseni kati yetu. Mara moja tu kichwa chake kilidondoka, punje tatu zikamwagika, akashtuka na kuendelea. Ndipo Tanti akatoka chumbani alikokuwa amejinyoosha, kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande. Akasema Zelia kaja sasa hivi. Anataka mkwewe akae kando ya meza yake kesho, tangu alfajiri mpaka ngoma iishe, amlindie sahani.

Idora aliweka ganda la mbaazi chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Tanti," akasema, "mimi pia nimeota."

Tanti akasimama. "Lini?"

"Leo, hapa hapa. Kasimama baharini L'Esterre, maji magotini. Kasema chakula kinatosha. Kesho anataka mwanawe na mimi tukaingie majini, sisi wawili tu, tangu jua linapochomoza hadi saa sita."

Niliziinamia mbaazi zangu. Tanti akamsogelea, akauliza swali moja.

"Kichwani kavaa nini?"

Zelia hakuonekana bila kilemba maisha yake yote. Hata watoto walilijua hilo, na Idora alimpikia msimu mzima; anayebuni ndoto angesema kilemba.

"Hakuvaa kitu," akasema Idora. "Kichwa wazi. Nywele zimelowa."

Tanti alikaa kwenye kile kiti alichomwota Zelia. Kisha akasema, polepole, "Kakivua kilemba. Basi kapumzika," akaingia ndani.

Ijumaa Idora na mumewe walikwenda. Mvuvi mmoja aliniambia aliwaona majini hadi shingoni, hawaogelei, hawasemi, wamesimama tu kama nguzo mbili za gati. Saa sita na nusu waliingia uani kwa Tanti wakiwa na chumvi kwenye nyusi. Mbuzi aliliwa, ngoma ikapigwa. Jumamosi boti ikawachukua. Karatasi ile ya dukani niliikuta kwenye beseni la maganda, imekatwa vizuri.

Sasa ni wiki ya tatu. Jana Tanti alikuja kwangu, akakaa, akakataa chai. Akasema tangu siku ile Zelia hajamjia tena hata mara moja. Usiku umekuwa kama nyumba iliyohamwa. Halafu akanishika mkono.

"Wewe ulikaa na Idora mchana ule wote. Niambie kweli, mwanangu. Yule mtoto alisinzia?"

Nikisema hakusinzia, ile ndoto ilikuwa ya kubuni, dada yake bado ana njaa na atarudi. Nikisema alisinzia, Zelia amepumzika kweli na harudi tena. Na mimi nilichokiona ni kichwa kudondoka mara moja na punje tatu za mbaazi. Nimemwomba anipe hadi kesho. Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?