Nilivyongoja Ziwa la Watu Lijae

Mwaka jana nilimwahirishia dada yangu safari kwa sababu nilidhani ziwa lao limekauka.

Naanza na hili ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Dada anaishi Uswisi, katika mji mdogo ulioegemea mlima, na alikuwa amenipangia safari yangu ya kwanza ya kutoka nje ya nchi. Nishuke kwenye ndege, anipokee, tupande treni inayopita miji ya kandokando ya ziwa, tulale katika mmojawapo, kesho yake treni nyingine ndogo itupandishe milimani hadi kwake. Akanitumia picha. Nikazitazama, nikapiga hesabu ya misimu kichwani, nikamwandikia: "Dada, tungoje kwanza mvua. Kuja kiangazi itakuwa hasara."

Akajibu: "Haya, malizeni kulima kwanza."

Niliona jibu lile haliendi na swali. Lakini maana yake ilikuwa kwamba nabaki nyumbani, na mtu akikuambia ubaki nyumbani huanzi kumdadisi.

Mimi nimezaliwa Garsen, na huku ziwa ni jambo la msimu. Mto Tana ukijaa ukavunja kingo, maji huingia mabondeni nasi tunakuwa na ziwa, pamoja na samaki, mitumbwi, viboko na mbu wake. Mto usipofurika, ziwa hunywea likawa tope, tope likawa nyasi, wafugaji wakaingiza ng'ombe, vijana wakasimamisha magoli. Nimewahi kufunga bao mahali ambapo baadaye nilivua kambare. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia atasafiri kwa ndege, kisha apande treni, ili akaangalie ziwa, swali lake la kwanza si pasipoti. Swali lake ni kama maji yameingia.

Mambo yakafichuka miezi mingi baadaye. Dada alipiga simu, tukazungumza habari za afya na za watoto, kisha nikamwuliza kama mtu anayejali:

"Na ziwa lenu, limejaa sasa?"

"Limejaa vipi?"

"Maji. Si ulisema tutalipita na treni? Sitaki kuja kuangalia nyasi."

Kikaja kicheko ambacho sijakisikia tangu tukiwa wadogo, kile cha kukaukiwa pumzi. Nikasikia simu imeanguka, ikaokotwa, ikaanguka tena. "Mdogo wangu," akasema, "ziwa hili halikauki. Lina meli. Lina vina ambavyo hakuna mtu amevifikia. Umekaa mwaka mzima unangojea mvua ya Uswisi?"

"Wewe si uliniambia nimalize kulima?"

"Nilidhani mke wako anataka kupanda mpunga."

Tukacheka wote wawili. Kisha yeye akaacha na mimi nikabaki nacheka peke yangu, mpaka nikaona aibu. Akaniambia magoti yake yameharibika mwaka huu. Lile la kulia ndilo baya zaidi. Daktari ameamua kulipasua, halafu la pili, na baada ya hapo hajui lini ataweza tena kupanda ngazi za treni ya mlimani. "Mwaka jana nilikuwa natembea," akasema. Hakusema kwa kunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa sijajua kufunga kaptula, na dada, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu, akawa mama. Baadaye alikwenda Malindi kufanya kazi ya jikoni hotelini, akapata mume kutoka huko kwenye milima, akaondoka naye. Mume yule alikuwa mtu mpole, alikuja Garsen mara moja akaugua jua, akalala siku zake zote za ugeni chini ya feni. Amekwisha kufariki. Kila mwaka, siku aliyofariki, dada hupanda treni ile ya ziwani peke yake kwa sababu walikuwa wakiipanda pamoja. Nilipomwuliza kwa nini hataki kwenda na rafiki, alisema: "Nina marafiki. Lakini nataka niende mara moja na mtu ambaye sitamweleza mimi ni nani."

Basi nikakubali kwenda kabla goti halijapasuliwa. Nakiri sikukubali kwa shangwe. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yangu, na pembeni ya cherehani kuna kiti cha plastiki ambacho nikimaliza kushona ndipo ninapohamia. Hapo naona barabara, naona nani anaenda Hola na nani anarudi. Wengine hupenda kusafiri. Mimi napenda kuangalia waliosafiri wakirudi wamechoka.

Na kuchoka nimechoka kweli, kabla ya kwenda popote. Nimeenda Mombasa kwa ajili ya pasipoti, nikarudi kwa sababu ya cheti kilichosahaulika nyumbani, nikaenda tena. Nimeenda Nairobi kuomba viza, nikakaa kwenye chumba chenye baridi ya mashine mpaka nikadhani wameanza kunizoeza Uswisi. Kijana wa dirishani, nadhifu kama mtu aliyepigwa pasi akiwa ndani ya nguo, akaniuliza nakwenda kufanya nini.

"Kupanda treni na dada yangu."

"Na baada ya hapo?"

"Nirudi nyumbani."

Akanitazama kwa shaka. "Utatuhakikishiaje kwamba utarudi?"

Nilitaka kucheka. Katika foleni ile yote, mimi ndiye niliyekuwa na hofu kubwa kuliko yake kwamba huenda nisirudi. Kama angenipa ruhusa ya kupiga picha moja ya kiti changu, tungemaliza pale pale. Badala yake nilimweleza habari za cherehani, mke, watoto, banda la kuku, na mwembe ambao mbuzi wa jirani wanautafuna ganda nisipokuwapo. Nilipofika kwa mbuzi alinizuia kwa mkono. "Inatosha, mzee."

Viza ikatoka. Mke wangu akapiga vigelegele. Mimi nikakaa.

Kilichofuata ni ratiba. Dada aliipanga yeye, akanisomea kwenye simu mara nyingi, na kila mara palikuwa na mahali nilipomsimamisha. Mji wa kwanza wa ziwani tutashuka, tuvuke jukwaa, tupande treni nyingine. Kati ya treni na treni hakuna muda hata wa kufunga kamba za kiatu.

"Tukichelewa?"

"Hatutachelewa. Ile ya kwanza haichelewi."

"Dereva akituona tunakuja, hatasimama?"

"Hatakuona. Na akikuona hatasimama."

Mimi nimekulia mahali ambapo basi la Lamu hungoja askari wa kulisindikiza, na askari naye hungoja wenzake, na abiria akikumbuka kitu nyumbani basi zima humngojea. Kusafiri kwangu ni kungoja, katikati yake ukiwa unasogea kidogo. Nikamwomba dada aweke siku nzima kati ya treni na treni.

"Siku nzima! Utafanya nini stesheni siku nzima?"

"Nitakaa."

"Hata mimi na haya magoti nitavuka jukwaa nikuache," akasema. Akacheka, halafu nikasikia akivuta pumzi kwa meno, kama mtu anayeinuka kitini, na sikurudia habari ya siku nzima.

Likaja suala la baridi. Dada alisema atanipa koti, lakini mimi ni fundi, na fundi hapokelewi uwanja wa ndege kwa koti la kuazima. Nikanunua blanketi zito la kijivu, nikalikata, nikaliwekea bitana na mifuko minne, na kola ya kufunika masikio. Cherehani ililalamika kila mshono. Nilipomaliza nikalivaa pale barazani, adhuhuri, jua limesimama kichwani, ili nione mabega yamekaaje. Mke wangu alitoka ndani na sufuria, akanitazama, akarudi ndani; nikamsikia akicheka huko jikoni na sufuria ikicheka naye.

Ndipo akapita jirani yetu, mama mmoja Muorma auzaye maziwa. Tumekaa naye ua kwa ua tangu mimi nikiwa mtoto na yeye bi harusi. Ng'ombe wake ndio wanaolishwa kwenye ziwa letu likikauka, na mbuzi wake ndio wanaotafuna mwembe wangu majira yote. Akasimama na madumu yake, akaniangalia juu hadi chini. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye kope.

"Wewe, malaria imekupanda?"

"Ni koti la safari, mama."

"Ya kwenda wapi? Kuzimu?"

"Uswisi. Kwa dada."

"Bado hujaenda?" akasema. "Mimi nilidhani umeshaenda umerudi. Maneno yake tumesikia mwaka jana." Akaenda zake.

Kwa jumla habari za safari yangu zilikuwa zimechosha mji mzima. Waliokwisha kuniaga walikuwa wananikuta sokoni nanunua sukari, na wananiangalia kama deni. Mchungaji alikuwa ameniombea safari njema, akaniona Jumapili iliyofuata kwenye benchi langu lile lile, akaniruka katika maombi. Sikumlaumu.

Wiki ya kuondoka ikafika, na mimi nikafanya ninachokijua. Nilianza kutafuta sababu. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare zilikuwa bado. Nikamwambia mke wangu itakuwaje watoto wa watu waende shule bila kaptula. Mke wangu akasema ameshazungumza na fundi wa ng'ambo ya barabara, zimekwisha gawanywa. Nikasema kuku wana dalili ya mafua. Akasema kuku ni wake. Nikasema anga la huko juu mtoni halinipendezi, mafuriko yakija nani atahamisha vitu? Akaniuliza kwa upole, "Mafuriko ya mwisho ulihamisha nini, baba watoto?" Nikakumbuka. Nilihamisha kiti.

Jioni ile dada akapiga simu. Alikuwa amefanya mazoezi ya kutembea hadi stesheni ya mji wake na kurudi, ili ajue kama goti litamfikisha uwanja wa ndege kunipokea. Limekubali, akasema, ingawa limevimba. Amelikanda kwa barafu. Nilimwambia asije uwanja wa ndege, mimi ni mtu mzima, nitauliza njia. "Utamwuliza nani, na kwa lugha gani?" akasema. "Kizungu chako cha fomu foo kimeota kutu. Nitakuja." Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo: "We njoo tu. Usiniambie tena habari ya mvua."

Niliweka simu chini nikiwa na aibu isiyo na mahali pa kukaa. Begi lilikuwa mlangoni, koti juu yake kama mtu mnene aliyezimia. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mimi. Nikaona kuna mlango mmoja ambao sijaugonga. Kama jirani yule, ambaye hajawahi kunipaka mafuta kwa maneno, angesema tu kwamba nikiondoka mahali hapa patapwaya, ningerudi nyumbani nikafungua begi, na ningekuwa na mtu wa kumtaja kama sababu.

Nikamkuta uani kwake amechuchumaa anachuja maziwa. Nikakaa juu ya dumu lililopinduliwa. Nikamweleza yote: dada na magoti yake, kwamba naondoka kesho asubuhi, na nina wasiwasi. Nani ataangalia geti? Nani atawafukuza mbuzi? Mto ukipanda, nani atawaambia watu? Yeye mwenyewe, akitaka mtu wa kumsomea ujumbe kwenye simu, atamwita nani?

Hakuinua kichwa. Alimaliza kuchuja, akafunika chombo, akajifuta mikono kwa kanga.

"Huyo dada," akauliza, "si ni yule aliyekuwa anakubeba wakati wa maji?"

Nikasema ndiye. Mwaka wa mafuriko yale makubwa ya utoto wangu tulihamia sehemu za juu, na dada alinibeba mgongoni, njia nzima, maji yakimfika kiunoni. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa wa kutembea. Miguu yangu ilikuwa inaburura majini. Nilimwambia ninaogopa, naye akaamini, au alijifanya kuamini. Jirani alikuwa kwenye msafara ule ule, anaswaga ndama.

"Nilikuona," akasema. "Nilisema huyu mtoto ni mzito, kwa nini hashuki?"

Akanyanyuka, akachukua chombo chake, na alipofika mlangoni akageuka.

"Yule mwanamke alikubeba mpaka karibu uote ndevu. Sasa magoti yake yamekufa, na wewe umekuja kuniuliza mimi nani atafukuza mbuzi. Nenda! Hapa hata ukibaki, kazi yako ni kukaa tu."